"Gari ikishatoka yadini hairudi": maneno haya yana nguvu gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikuta mimi, ambalo naamini limewakuta wengi wa Unguja na Pemba wasioandika, ama kwa kuona haya, ama kwa kuambiwa na jamaa zao kwamba ndiyo mitumba hiyo na wavumilie. Sitaitaja yadi iliyoniuzia gari wala mwenyewe, kwa sababu shauri limeshafika mahakamani na sitaki gazeti lifanywe mahakama ya pili. Ninachotaka kukijadili ni sentensi moja iliyopigwa muhuri chini ya risiti yangu, isemayo: "Gari ikishatoka yadini hairudi na pesa hazirudishwi."

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Chake Chake. Mwezi wa Machi mwaka huu, kwa kiinua mgongo changu na fungu langu la pesa za karafuu za shamba la urithi, nilivuka kwenda Unguja nikanunua gari ya abiria wanane, iliyoundwa Japani mwaka 2008, kwa shilingi 16,500,000. Dhamira ilikuwa kupeleka na kurejesha watoto wa skuli, na siku za mapumziko kukodisha kwa harusi na maziko. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na fundi, kijana ninayemjua, naye akaitazama bodi, akapiga magoti kuangalia chini, akasikiliza mlio. Tulipofika tuliikuta injini inanguruma tayari, na muuzaji akatuambia ameiwasha mapema ili tusipoteze muda. Wakati ule nilimwona mkarimu. Tuliiendesha hadi Mazizini na kurudi, njia tambarare, kiyoyozi kinapuliza, na dashibodi inaonyesha kilomita 84,000 kasoro chache. Nikalipa, nikapewa risiti, kadi na bahasha ya makaratasi ambayo sikuifungua.

Aijuaye Mkoani, bandari yetu ya Pemba niliposhukia na gari, anajua kwamba ukitoka bandarini huanzi na barabara, unaanza na mlima. Gari iliupanda vizuri kiasi, lakini kabla sijafika Mtambile taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikasimama chini ya mti, watoto wa kijiji wakaniletea ndoo ya maji, nikangoja saa nzima ndipo nikaendelea kwa mwendo wa kobe mpaka nyumbani. Asubuhi yake fundi wa hapa Chake aliitazama injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akanionyesha. Upande wa ndani palikuwa pameganda povu la rangi ya chai ya maziwa, zito kama tui la kwanza. Akafungua rejeta akaiwasha gari, na maji yakaanza kutoa mapovu kama sufuria iliyokaribia kuchemka. Kisha akachovya kidole ukingoni mwa rejeta, akakitoa kimeshika chembechembe zinazometa rangi ya shaba, akasema huo ni unga wa kuzibia uvujaji, hutiwa ili kuficha jambo kwa wiki mbili tatu. "Mwalimu," akaniambia, "gasketi ya hedi ya gari hii, inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, ilikufa kabla wewe hujavuka bahari."

Jioni ndipo nilipoifungua bahasha. Ndani yake mlikuwa na cheti cha Japani cha kufutia usajili wa gari inayopelekwa nje ya nchi, karatasi ambayo huja na takriban kila gari ya Japani na ambayo wanunuzi wengi huiweka kabatini bila kuisoma. Cheti hicho kina namba ya chesisi, na kina pia kilomita zilizosomwa gari ilipofanyiwa ukaguzi wa mwisho nchini kwao. Kilisema 171,300. Gari yangu, basi, ilikuwa imetembea kilomita zaidi ya laki moja na sabini kule Japani, ikafika Zanzibar ikiwa imetembea elfu themanini na nne. Sijui meli ya namna gani inayorudisha kilomita nyuma njiani.

Nilimpigia simu muuzaji siku ya tatu tangu kununua, nikamwambia naikataa gari na nataka pesa zangu. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipopoteza haki yangu kwa mikono yangu mwenyewe, au angalau nilipompa mwenzangu la kusema. Hakugombana nami. Aliniita mzee wangu, akaniuliza hali ya familia, akasema jambo dogo hilo, gari ni mashine, atengeneze fundi wa huko huko Pemba nami nilipe, risiti nimtumie atanirejeshea. Nikaona maneno ya mtu mstaarabu. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuchongwa, gasketi ikanunuliwa, oili ikabadilishwa. Jumla ilikuwa shilingi 1,150,000, kwa wiki tatu. Gari ikatembea siku tisa, ikachemsha tena. Nikapiga simu, safari hii akasema huenda rejeta imeziba, isafishwe. Ikasafishwa. Kisha akawa safarini Dubai, kisha ukawa mwezi mtukufu na mambo mengi, kisha simu ikawa inapokelewa na kijana asiyejua lolote. Siku ya sitini na moja nilivuka mwenyewe na barua mkononi, naye akanionyesha ule muhuri kwenye risiti na kuniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mzee wangu, miezi miwili umeitumia na fundi wako ameifungua injini. Gari hiyo si yetu tena, ni yako."

Nimekaa nikayatafakari maneno hayo, kwa sababu hayakuwa ya mjinga. Yana mizizi katika sheria. Sheria ya Uingereza ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo misingi yake ilienea hata Afrika Mashariki, ilimpa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa isiyofaa iliyouzwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Lakini ilisema pia kwamba mnunuzi akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kuwa ameikataa, atahesabiwa ameipokea. Na kama aliikagua kabla ya kununua, hakuweza kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha. Muuzaji wangu, kwa makusudi au kwa mazoea, alikuwa anausogeza muda. Kila "tengeneza kwanza" ilikuwa siku nyengine inayohesabiwa dhidi yangu. Mwaka 1987 mahakama ya Uingereza ilimwamulia mtu aliyenunua gari mpya kabisa, ikamfia injini baada ya wiki tatu na maili 140 tu, kwamba alikuwa amechelewa kuikataa na kilichobaki kwake ni fidia. Waingereza wenyewe waliona kuwa hukumu ya namna hiyo ni nzito kwa mnunuzi, na mwaka 1994 wakarekebisha sheria yao, ikawa mnunuzi kukubali gari itengenezwe hakumaanishi kuwa ameipokea.

Mpwa wangu anaishi Coventry, Uingereza. Nilipomsimulia alicheka kwanza, kisha akanieleza ya kwao. Kwa sheria yao ya haki za mtumiaji ya mwaka 2015, aliyenunua gari kwa mfanyabiashara, hata iwe imetumika, ana siku 30 za kuikataa ikiwa na kasoro na kudai pesa zake zote. Zikipita siku hizo, muuzaji hupewa nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha. Ikishindikana nafasi hiyo moja, mnunuzi anaweza kuikataa. Kasoro ikijitokeza baada ya siku hizo 30 lakini ndani ya miezi sita tangu mnunuzi kukabidhiwa gari, sheria huichukulia kuwa ilikuwapo tangu siku ya mauzo, na ni kazi ya muuzaji kuthibitisha vyengine. Akishakubali kwamba mnunuzi anastahiki pesa, ana siku 14 za kuzilipa. Mpwa wangu mwenyewe aliirejesha gari yake siku ya kumi na tisa kwa barua pepe ya mistari minne.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya na sisi tuna mila zetu. Nami nawajibu kwamba kwenye jambo hili mila zetu ni kali kuliko za Ulaya, na ni za zamani zaidi. Aliyesoma chuo cha Kurani hata kidogo anaijua khiyari ya aibu: ukinunua kitu ukakikuta na aibu, yaani kasoro, iliyokuwapo kabla hujakipokea na inayokipunguzia thamani, una hiari ya kukirejesha na kuchukua pesa zako. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanasema urejeshaji huo uwe papo kwa papo, na aliyegundua aibu aache kukitumia kitu hicho, kwa sababu akiendelea kukitumia ameridhika nacho. Laiti ningelikumbuka somo hilo siku ya tatu badala ya kukumbuka ustaarabu wa simu. Ama ule muhuri wa "hairudi", wanazuoni hao hao waliujadili karne nyingi kabla ya yadi za magari: mtu akiuza kwa sharti la kutohusika na aibu yoyote, kauli yenye nguvu kwao ni kwamba sharti hilo linamwokoa kwa aibu moja tu, nayo ni ile iliyojificha ndani ya mnyama na ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu yao ni kwamba mnyama anakula, anaumwa na anabadilika, na aliye nje hawezi kujua kilicho tumboni mwake. Gari si mnyama. Na unga wa shaba haukujitia wenyewe kwenye rejeta.

Haitoshi muuzaji kusema hakujua. Gari nyingi za Japani hununuliwa mnadani kule kule kwao, na kila gari ya mnadani ina karatasi ya mkaguzi inayoonyesha alama yake, kilomita zake na sehemu zilizopigwa rangi au kunyooshwa. Gari iliyopata ajali ya kuumiza mwili wake na ikatengenezwa hupewa herufi R badala ya namba nzuri ya nne au nne na nusu. Mfanyabiashara anayenunua kwa njia hiyo huitazama karatasi hiyo kabla ya kutoa dau lake. Kama yeye hanunui bila ya kuisoma, kwa nini mimi niuziwe bila ya kuonyeshwa?

Sitaki kuwa dhalimu kwa upande wa pili. Wapo wenye yadi waaminifu, na wapo wanunuzi wanaoitesa gari kwa kupakia nyasi za kuezekea na mawe ya msingi, wakaivunja, kisha wakaja kudai kwamba ilikuwa mbovu. Pia ni kweli kwamba anayenunua gari ya miaka kumi na zaidi hawezi kudai usingizi wa gari mpya: shokamzoba zitachoka, kiyoyozi kitapungua baridi, mpira wa mlango utakauka. Kwa hayo sidai senti. Tofauti iko kati ya uchakavu ambao kila mtu anautarajia na kasoro inayoifanya gari isiweze kazi iliyonunuliwa, tena ikafunikwa kwa unga na kwa saa ya kilomita iliyorudishwa nyuma.

Kuna suala ambalo linagombanisha watu zaidi ya kasoro yenyewe, nalo ni kiasi gani kikatwe kwa matumizi. Muuzaji wangu, baada ya kupata barua ya wakili, alilegea akasema ataipokea gari, lakini atakata shilingi 4,000,000 kwa kuwa nimeitumia. Msingi wa kukata siupingi. Hata sheria ya Uingereza, ambayo kwa bidhaa nyingi hairuhusu makato ndani ya miezi sita ya mwanzo, imeyaruhusu kwa magari, isipokuwa zile siku 30 za awali. Na katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, liko lile la mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adanganyike: akishamkama, ana hiari ya kumbakisha au kumrejesha pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyoyapata. Lakini tazama kipimo, pishi moja ya tende, si robo ya ngamia. Gari yangu imetembea kilomita 519 tangu kutoka yadini, ukijumlisha na zile za fundi kuijaribu. Makato ya milioni nne ni zaidi ya shilingi 7,700 kwa kila kilomita. Yaani kila kilomita kumi nilizokwenda, taa nyekundu inawaka, nilipe 77,000. Nilimwambia akate 300,000 na anirejeshee ile 1,150,000 ya matengenezo aliyoyaagiza yeye pamoja na gharama za meli. Akakataa, akanitaka nichague gari nyengine yadini kwake. Nimshukuru kwa ukarimu, ila mtu aliyekwishaumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo.

Kwa wanaonuia kununua nina machache tu. Ifikie gari ikiwa baridi. Ukiikuta inanguruma, sema utarudi kesho asubuhi. Soma cheti cha Japani kabla ya kulipa, na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita. Lipa kwa benki. Kasoro ikitokea, egesha gari siku hiyo hiyo, piga picha ya dashibodi, na uandike barua fupi inayosema neno "naikataa", uipeleke kwa mkono na upate saini ya kupokelewa, hata kama muuzaji ni mtu wa msikiti mmoja nawe. Na yakifika makubaliano ya kurejeshewa pesa, usitie saini ya kulirejesha jina la gari kabla ya pesa kuingia kwenye akaunti yako.

Sasa naielekeza kalamu kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2018 imepewa dhamana ya kumlinda mtumiaji. Sina lawama kwao katika kisa changu, kwa kuwa mimi nilikwenda kwa wakili moja kwa moja. Ombi langu ni kwamba Tume ikae na wenye yadi na itoke na karatasi moja ya mauziano ya gari zilizotumika, itakayotumika Unguja na Pemba, isiyohitaji wakili kuisoma. Ioneshe kilomita kama zilivyo kwenye cheti cha Japani, si kama zilivyo kwenye dashibodi peke yake. Ioneshe alama ya mnadani na kama gari iliwahi kugongwa. Itaje siku ambazo mnunuzi anaweza kuirejesha gari yenye kasoro kubwa. Mimi ningependa 14, na sitagombana na atakayesema 10. Matengenezo yaruhusiwe mara moja tu, kwa maandishi na kwa tarehe ya mwisho, na siku gari iko kwa fundi zisihesabiwe dhidi ya mnunuzi. Na muhuri wa "hairudi" uondoshwe kwenye risiti, kwani hata pale usipokuwa na nguvu kisheria, unafanya kazi yake ya kumtisha mtu asiende kudai.

Kwa wanunuzi wa Pemba naomba la ziada. Siku zihesabiwe tangu gari inaposhuka bandarini Mkoani au Wete, na muuzaji aliyekubali kuipokea gari agharimie meli ya kuirudisha. Sisi huku hatuna yadi nyingi za kuchagulia. Tunavuka, tunanunua kwa siku moja au mbili kwa sababu ya gharama za kulala mjini, na kasoro tunaigundua kwenye vilima vyetu, bahari ikiwa imeshatutenga na aliyetuuzia. Anayeniambia "ilete tuitazame" anajua vizuri kwamba kuileta kutanigharimu siku mbili na nauli ya gari na ya mtu, na kwamba wengi wetu tutaghairi.

Shauri langu linatajwa tena mwezi ujao. Gari iko uani, chini ya muembe, imefunikwa turubai, na funguo zote mbili nimezikabidhi kwa wakili wangu ili asije mtu akasema bado naitumia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa Mhariri)